SURA YA MTOTO NI AMANA: JE, TUTUME PICHA ZA WATOTO WETU KWENYE INTANETI?

KHUTBA YA IJUMAA – MUMOSHO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), aliyetuumba, akaturuzuku watoto, na ambaye atatuuliza habari zao Siku ya Kiyama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Ammaa baad.

 Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tunazungumza jambo ambalo wazee wetu hawakuulizwa, kwa kuwa wakati wao halikuwepo. Mtoto amezaliwa. Siku ya saba anachinjiwa akika, ananyolewa nywele, anapewa jina. Kabla nyama haijaiva, picha yake iko tayari kwenye Facebook na kwenye status ya WhatsApp, pamoja na jina lake lote, tarehe aliyozaliwa na hospitali aliyozaliwa. Mtoto hajaweza hata kushika shingo, lakini wamekwisha kumwona watu mia mbili, na wengi wao mama yake akikutana nao njiani hawatambui.

Baba anauliza: "Je, ni haramu?" Ndugu yangu, hatusemi kwamba kila picha ni haramu. Maulamaa wamehitilafiana kuhusu picha ya kamera, na wengi wa zama zetu wameiruhusu ikiwa ina haja na haina machafu. Hitilafu hiyo hatuingii leo. Swali letu ni lingine: picha ikiisha kupigwa, ni nani mwenye haki ya kuitoa nje ya nyumba? Na akiitoa, ataijibia nini mbele ya Mola wake na mbele ya mtoto mwenyewe?

1. MTOTO SI MALI YETU

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwanamume ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake, na mwanamke ataulizwa juu ya nyumba ya mume wake na watoto. Mchunga hana ruhusa ya kufanya na kondoo kila analotaka. Amekabidhiwa tu, na mwenyewe atakuja kuhesabu.

Tazameni jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoiheshimu haki ya mtoto. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba siku moja Mtume aliletewa kinywaji, akanywa. Kuume kwake alikuwa ameketi kijana mdogo, na kushoto kwake wazee. Haki ya kupokea ilikuwa ya aliye kuume. Mtume akamwomba ruhusa yule kijana ili awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hakutaka kumwachia mtu yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Je, Mtume alimgombeza? Alimkemea mbele ya watu? Hapana. Alimpa chombo mkononi mwake.

Ndugu mzazi, Mtume wa Allah alimwomba mtoto ruhusa kwa sababu ya kinywaji. Na sisi tunaitoa sura ya mtoto, kitu atakachotembea nacho mpaka kaburini, bila hata kumuuliza. Mtoto wa miaka 8 au 10 anaelewa. Mwulize. Akisema "Baba, hii usitume," basi usitume, wala usimcheke. Mtoto ambaye nyumbani neno lake la "hapana" linasikilizwa, huko nje pia atajua kulisema siku mtu mbaya atakapomtaka jambo baya.

2. MAJI YA RUZIZI HAYARUDI ZIWANI

Sisi wa Mumosho tunaujua Mto Ruzizi. Maji yanatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, yanapita hapa kwetu kwenye bwawa la Ruzizi II linalotoa umeme tangu 1989, yanateremka bondeni mpaka Ziwa Tanganyika. Hakuna fundi anayeweza kuyarudisha Bukavu maji yaliyokwisha kupita kwenye mashine.

Picha ukiituma, ni hivyo hivyo. Utasema, "Nimeweka kwenye status tu, baada ya saa 24 inafutika." Ndiyo, kwako imefutika. Lakini katika saa hizo 24 yeyote aliyeiona aliweza kuihifadhi kwenye simu yake kwa kubonyeza mara moja, na wewe usijue. Utasema, "Nimetuma kwenye kundi la familia." Kundi lina watu wangapi? Kila mmoja wao anaweza kuipeleka kundi lingine, na simu yake ikiibwa au ikiuzwa, picha zilizomo zinaondoka nayo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi jiulize hivi: picha hii ningekubali kuibandika ukutani katika soko la Kadutu, na chini yake niandike jina la mtoto, shule yake na mtaa tunaokaa? Kama moyo unakataa, ujue kwamba intaneti ni soko kubwa kuliko Kadutu, halifungwi jioni, na wapita njia wake huwaoni nyuso.

3. MADHARA YENYEWE NI YAPI?

La kwanza ni aibu. Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 3 amepigwa picha akiogeshwa kwenye beseni, au akilia na kamasi, au ana vidonda vya upele mwili mzima. Mama ametuma, watu wamecheka, wengine wamemwombea afya. Miaka 12 inapita. Mtoto huyo sasa yuko sekondari, na mwenzake ameikuta ile picha. Kuanzia siku hiyo ana jina jipya darasani. Nani alimpa jina hilo? Mama aliyempenda. Tena kumbukeni kwamba Mtume (S.A.W.) amempa habari njema mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, kwamba Allah atamsitiri duniani na Akhera. Je, kuna Muislamu aliye na haki zaidi ya kusitiriwa na wewe kuliko mtoto wako?

La pili ni usalama. Katika mkoa wetu vita na utekaji si hadithi. Picha husema mengi kuliko mwenye kuituma. Nyuma ya mtoto unaonekana mlango wa nyumba, bango la shule, duka la baba, gari jipya, au kaka mkubwa aliyevaa sare. Wewe umeona tabasamu la mwanao. Mwingine ameona anapokaa, saa anayotoka shule na kama wazazi wake wana pesa.

La tatu ni watu wenye nia chafu. Wapo duniani wanaokusanya picha za watoto kwa uchafu, hata picha ambazo mzazi hakuziona na ubaya wowote. Na leo zipo programu za kompyuta zinazochukua uso wa mtu kutoka picha safi na kuubandika kwenye picha ya uchi. Zamani mwovu alihitaji kumfikia mtoto ili amvunjie heshima. Sasa picha inamtosha.

La nne ni jicho. Mtume (S.A.W.) amethibitisha kwamba jicho ni kweli, na alikuwa akiwakinga Hasan na Husein (R.A.) kwa maneno ambayo Ibrahim (A.S.) aliwakinga nayo Ismail na Is-haka. Lakini tusizidishe. Si kila homa ni jicho, na mtoto akiugua mpeleke kituo cha afya. Wala tusitundike hirizi. Tazameni mwendo wa Nabii Yaakub (A.S.) katika Suratu Yusuf, aya ya 67: aliwaamuru wanawe wasiingie kwa mlango mmoja, na wafasiri wengi wamesema alichelea jicho, maana walikuwa wengi na wa kupendeza. Papo hapo akawakumbusha kwamba hawezi kuwazuilia chochote alichokadiria Allah. Huo ndio mwendo wa muumini: anachukua tahadhari, na anamtegemea Allah.

4. "LAKINI NINASHUKURU NEEMA"

Wapo watakaosema: "Shehe, Allah ametuamuru katika Suratu Dhuha tuizungumze neema yake. Mtoto wangu amehitimu juzuu, kwa nini nisionyeshe?" Neno hili lina uzito, tusilidharau. Furaha ya mzazi ni halali.

Lakini kuizungumza neema si lazima kuianika kwa kila mtu. Yusuf (A.S.) alipoota ndoto yake tukufu, baba yake alimkataza kuwasimulia hata ndugu zake, kwa kuhofia vitimbi vyao. Ile nayo ilikuwa neema. Shukrani ya mtoto aliyehitimu juzuu ni kumwendeleza mpaka ahifadhi, kumwombea, na kumpa mwalimu wake zawadi.

Wengine watasema: "Bibi yake yuko Kasongo, mjomba yuko Ubelgiji, hawajamwona mtoto." Na hili ni kweli. Kuunga undugu ni wajibu, na simu imerahisisha. Basi mtumie bibi. Mtumie yeye mwenyewe, kwa namba yake, na umwambie: "Mama, hii ni yako, usiipeleke kwingine." Piga simu ya video mtoto amsalimie. Bibi wa Kasongo anamhitaji mjukuu wake. Hahitaji watu 500 wamtazame pamoja naye. Tupime nia zetu kwa ukweli: ikiwa bibi amekwisha kupata picha, ile ya kwenye Facebook ni kwa ajili ya nani?

5. SOMO LA KAVUMU

Ndugu Waislamu, hatuhitaji kwenda mbali kujifunza thamani ya kuificha sura ya mtoto. Kavumu iko katika wilaya yetu hii ya Kabare. Kati ya 2013 na 2016, watoto wa kike zaidi ya 40, wengine wadogo sana, walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao na kutendwa unyama, na wengi wakatibiwa katika hospitali ya Panzi. Mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Kavumu kwenyewe, na tarehe 13 Desemba 2017 mbunge mmoja wa mkoa na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha.

Angalieni jinsi kesi ile ilivyoendeshwa. Mashahidi walisema wakiwa wamefunikwa, nyuma ya pazia, na sauti zao zikabadilishwa. Watoto hawakusimamishwa mbele ya washtakiwa, bali maneno yao yalikuwa yamekwisha kurekodiwa. Haki ilipatikana, wakubwa wakahukumiwa, na dunia ikasikia, bila dunia kuziona sura za watoto wale. Leo ni wasichana wakubwa. Tunawaombea waende sokoni, wasome, na waolewe inshaallah, bila mtu kuwanyooshea kidole.

Kwa hiyo anayesema kwamba bila picha watu hawataamini, aikumbuke Kavumu. Na mtoto wa jirani akipatwa na msiba wa namna hiyo, Allah atuepushe, ole wake mwenye kupiga picha na kuisambaza huku akiandika "jameni, tazameni unyama huu." Huyo amemjeruhi mtoto mara ya pili.

6. MAYATIMA NA PICHA ZA MISAADA

Hapa sasa tunajisema wenyewe, sisi wa jumuiya, wa madrasa na wa msikiti. Ramadhani inafika, wafadhili wanaleta mchele, mafuta na sukari. Idi ya kuchinja inafika, inaletwa nyama. Tunawapanga mayatima mstari mmoja, kila mmoja na mfuko wake mkononi, mbele yao kitambaa chenye jina la mfadhili. Piga picha, tuma. Mtoto hajala bado, lakini umasikini wake umekwisha kufika nchi za nje.

Allah ametuonya katika Suratul Baqara, aya ya 264, tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Katika aya ya 271 ametueleza kwamba kuidhihirisha sadaka ni vyema, lakini kuificha na kuwapa mafukara ndiyo heri zaidi kwetu. Yule yatima ana jina na ana haya, na kesho atakuwa baba wa watu. Kifo cha baba yake hakikutupa sisi ruhusa ya kuuza uso wake.

Tunajua ugumu ulipo. Mfadhili anataka uhakika, na ana haki, kwa kuwa amana imeliwa mara nyingi. Tukikataa picha anaweza kwenda kwingine, na watakaokosa mchele ni mayatima wale wale. Hatulifichi jambo hili. Lakini uhakika una njia nyingi: risiti za duka, orodha iliyotiwa sahihi na walezi mbele ya mashahidi, picha ya magunia, picha ya mikono inayopokea, picha ya watoto wakiwa wamegeuka mgongo. Tumwandikie mfadhili kwa adabu, tumweleze sababu. Mwenye kutoa kwa ajili ya Allah wengi wao wataelewa. Na asiyeelewa, basi riziki iko mikononi mwa Ar-Razzaq.

Wenzetu wamekwisha kuonja adhabu ya jambo hili. Kenya, mwezi wa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ililitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Mwalimu wa madrasa, usiseme "ni wanafunzi wangu." Omba idhini ya mzazi kwanza.

7. MTOTO ALIYEPOTEA

Ipo hali moja ambayo hukumu yake inabadilika, nayo ni dharura. Vita vilipofika Bukavu, Februari 2025, watu walikimbia, na katika kukimbia familia hutawanyika. Mtoto akipotea, picha yaweza kuwa sababu ya kumrudisha kwa mama yake. Hapo maslaha ni makubwa, na dharura huruhusu yaliyokatazwa, lakini kwa kadiri ya dharura yenyewe.

Kwa hiyo anza na wanaoweza kumtafuta: mkubwa wa mtaa, misikiti na makanisa ya jirani, polisi, na Msalaba Mwekundu, ambao kuunganisha familia zilizotengana ni kazi yao. Ukituma picha, weka uso na nguo alizovaa na namba ya simu ya mtu mzima anayeaminika. Usieleze mambo mengine ya familia. Ukiwa wewe ndiye uliyemkuta mtoto, usiandike mahali anapolala, maana anayekuja kumchukua anaweza kuwa si mzazi wake. Na mtoto akipatikana, rudi kila ulipotuma, uifute, na uwaombe wenzako wafute. Wengi tunasahau hili. Mtoto amekwisha kurudi nyumbani, lakini picha yake bado inazunguka ikisema amepotea.

8. BABA NA MAMA WASHAURIANE

Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 233, ametaja kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, akaweka sharti la kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wote wawili. Ikiwa ziwa la mama linahitaji mashauri, je, sura ya mtoto mbele ya ulimwengu haihitaji? Isiwe mama anatuma na baba anaambiwa na watu sokoni. Wala isiwe baba anatuma picha za binti yake na mama analia jikoni.

Hata wasio Waislamu wamefika hapo. Ufaransa, kwa sheria ya 19 Februari 2024, imesema baba na mama wanailinda pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake, na mtoto ashirikishwe kwa kadiri ya umri na utambuzi wake. Kwetu Kongo, Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na kila mtu ni pamoja na mtoto. Tunayo pia sheria ya kumlinda mtoto ya 10 Januari 2009, na sheria ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 inayogusa habari za watu binafsi. Lakini sheria ya nchi iko mbali na jikoni kwako. Aliye karibu ni Allah.

Basi kabla ya kutuma, jiulize mambo matano:

(a) Je, mtoto amesitirika, na hakuna linaloweza kumwaibisha akiwa mkubwa?
(b) Je, picha inaonyesha jina, shule, nyumba au njia yake?
(c) Je, mwenzangu ameridhia, na mtoto akiwa anaelewa, ameridhia?
(d) Je, yupo mtoto wa mwenzangu katika picha, na wazazi wake nimewauliza?
(e) Je, ninamtumia mtu ninayemjua, au ninamwaga sokoni?

Likikwama moja katika hayo, acha. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tuache lenye shaka tuchukue lisilo na shaka.

Na aliyekwisha kutuma? Asikate tamaa. Leo jioni, baada ya Maghribi, kaa na simu yako. Futa unachoweza kufuta. Waombe jamaa wafute. Angalia ni nani wanaoweza kuona ukurasa wako, uufunge kwa wasiojulikana. Kisha mwite mtoto umwambie, "Nisamehe, sikukuuliza." Mzazi haanguki cheo kwa kumwomba mwanawe msamaha. Nawe unayemwona mtoto wa mwenzako kwenye simu akakupendeza, usikae kimya na jicho lako. Mwombee baraka, na usimpeleke kwingine.

DUA

Ewe Allah, uliyetupa watoto hawa bila sisi kustahiki, tusaidie kuwahifadhi. Wasitiri kama ulivyotusitiri sisi tulipokuwa wadogo. Wakinge na jicho, na mkono na ulimi wa kila mwovu. Warudishe waliopotea kwa mama zao. Waponye watoto waliojeruhiwa katika nchi yetu, uwape maisha mema wasiyoaibishwa nayo. Ipe Kivu yetu amani, watoto walale usiku bila hofu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

---

Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe ovyo wala usifungie bidhaa. Usiisome wakati imamu yuko juu ya mimbari. Ukiisha kuisoma, mpelekee jirani au mama watoto nyumbani.